Miguu yangu wanaikagua kila mwezi, mdomo hakuna anayeuliza

Shikamoo Mama Tabibu,

Mimi ni mama wa miaka 46, nauza karanga na mafuta ya alizeti hapa Kibaigwa, karibu na soko la nafaka. Nina watoto wanne, mkubwa ameolewa Chamwino. Naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo unisamehe kama barua imekaa ovyo.

Niligundulika na sukari miaka mitatu iliyopita. Soda nimeacha, chai nakunywa bila sukari, ugali wangu ni wa uwele au dona kwa mlenda, nyama mpaka sikukuu. Vidonge nameza. Lakini kila nikienda kliniki sukari iko juu, na kuna muuguzi ananisema mbele ya wenzangu kwenye benchi: "Mama, wewe unakula vitu kwa siri." Mwezi uliopita nilitoka pale nalia. Mimi sili kitu kwa siri. Hela ya kula kwa siri nitaitoa wapi?

Shida ya pili sikuwahi kumwambia muuguzi, maana niliona haihusiani na sukari. Fizi zangu zinatoka damu. Zilianza kidogo wakati wa kupiga mswaki, siku hizi naamka nakuta damu kwenye foronya. Meno ya mbele ya chini yamekuwa marefu, mawili yanacheza nikiyagusa na ulimi. Mdomo unanuka, najua, maana mteja akisogea kuuliza bei najikuta nimeshaziba mdomo kwa kanga. Baba watoto hasemi kitu, ila usiku analala ameelekea ukutani. Siku tuliyogombana ndiyo akalitoa: "Mimi navuta sigara miaka yote, fizi zangu hazijatoka hata tone la damu. Wewe usiyevuta ndiye unanuka." Neno hilo halijanitoka moyoni.

Duka la dawa wamenipa amoxicillin na metronidazole mara kadhaa. Nikimeza napata nafuu, kisha hali inarudi. Maji ya chumvi nimesukutua. Wifi yangu akaniambia mwenye sukari hatakiwi kugusa fizi, damu haitakata, basi nimeacha kupiga mswaki upande unaotoka damu. Wifi huyo huyo anasema babu yao hakuwahi kushika mswaki na amezikwa na meno yote. Nikaenda kwa tabibu mmoja, akanitazama dakika mbili akasema tung'oe manne. Nilipouliza habari ya kusafisha, mama mmoja kwenye foleni akaninong'oneza nisikubali, kwamba kusafisha ndiko kunakolegeza meno, yeye alisafishwa yakaanza kucheza. Nikaondoka.

La mwisho. Binti yangu wa Chamwino ana mimba ya miezi mitano, na juzi kanipigia simu kwamba fizi zake nazo zinatoka damu. Je, nimemwambukiza? Na ni kweli anaweza kuzaa njiti? Redioni nimesikia pia kwamba fizi zinaleta ugonjwa wa moyo. Nianzie wapi, Mama?

Mwenye Kanga Mdomoni, Kibaigwa

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na lile lililokuliza. Mtu anaweza kushika masharti yote ya chakula na sukari ikabaki juu. Sababu ni nyingi: dozi isiyotosha, mlima wa ugali hata kama ni wa uwele (uwele nao ni wanga, mwanangu), ugonjwa wa njia ya mkojo uliojificha, msongo wa mawazo. Na fizi zilizooza ni mojawapo. Muuguzi aliyekusema mbele ya watu alikukosea, na kibaya zaidi alikimbilia kukulaumu kabla hajakuangalia.

Hili huwa linaniudhi. Kliniki zetu za sukari zimejifunza kukagua miguu, na ni jambo jema sana, limeokoa miguu ya watu. "Vua viatu mama, tuone vidole." Wa kusema "fungua mdomo" hayupo. Sasa sikiliza. Mtu ambaye ugonjwa wa fizi umemkomalia, ukipima sehemu yote ya ndani ya fizi iliyochubuka na kuachana na meno, jino kwa jino, unapata takribani sentimita za mraba 8 hadi 20. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa kwenye unyayo wako, muuguzi angekiona siku hiyo hiyo, akakisafisha, akakupangia siku ya kurudi, na habari ya soda asingekuuliza.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na fizi, kila siku hujitandaza utando laini wa bakteria. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha ukawa ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa. Ukoga unashuka chini ya fizi, fizi inavimba na kutoa damu. Ukiishia hapo, ugonjwa bado unarudi nyuma kabisa. Ukiendelea, fizi inaachana na jino, kunakuwa na mfuko, usaha unakaa humo, na mfupa wa taya unaanza kuliwa. Ndiyo maana meno yako yameonekana kurefuka: hayajakua, ila fizi na mfupa vimeshuka. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi, lakini uliobaki unaweza kuokolewa. (Meno ya kahawia ya watu waliokulia Singida au Manyara ni habari nyingine. Hayo ni floraidi nyingi kwenye maji ya visima, yameingia ndani ya jino tangu utotoni. Siyo uchafu, wala hayakwanguliwi, na wenye nayo wasisimangwe.)

Sukari inaingia hapa kwa milango miwili. Ikiwa juu, askari wa mwili wanaopambana na bakteria wanalegea, mishipa midogo ya damu inaharibika, kidonda kinachelewa kupona, na fizi huwa za kwanza kulipa. Mwaka 1993 mtaalamu mmoja wa fizi kutoka Norway, Harald Löe, aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita linaloletwa na kisukari, baada ya yale ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Mlango wa pili unafunguka kutoka upande wa mdomo. Uvimbe usiokwisha kwenye fizi unamwaga kemikali zake kwenye damu, na kemikali hizo zinaufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Sukari inapanda kwa sababu ya fizi, fizi zinazidi kuharibika kwa sababu ya sukari.

Je, ukitibu fizi sukari inashuka? Inashuka, kidogo. Mwaka 2022 watafiti walikusanya tafiti 35 za watu wenye kisukari waliotibiwa fizi, wakatazama kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Baada ya miezi mitatu au minne kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa 0.43. Yaani aliyekuwa na asilimia 9.0 anafika 8.6 hivi. Si kupona kisukari, wala si ruhusa ya kuacha vidonge, na atakayekuuzia dawa ya fizi kwa ahadi hiyo mkimbie. Lakini kuna watu wanaongezewa dawa nzima ya pili na mwili wao hauonyeshi tofauti kubwa kuliko hiyo. Kliniki ukirudi, omba kipimo hicho kama kinapatikana, na useme wazi: "Fizi zangu zinatoka damu na meno yanacheza, naomba iandikwe kwenye faili." Ukiona aibu kusema mbele ya benchi, omba kumwona daktari faragha. Ni haki yako.

Sasa wifi. Ushauri wa kuacha mswaki ni mbaya, na ninalisema hili bila kumzunguka. Mwaka 1965 huyo huyo Löe na wenzake, wakiwa Aarhus nchini Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi ajabu: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi, ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudia mswaki, fizi zikapona kwa takribani wiki moja. Damu inatoka kwa sababu pale ni pachafu, na ukipakwepa panazidi. Piga mswaki laini, mara mbili kwa siku, ukiulaza kidogo ili nyuzi ziingie pale fizi inapogusa jino, pole pole, kwa dakika mbili, na dawa ya meno yenye floraidi. Siku za mwanzo damu itatoka, usiogope. Kama hali ya fizi bado ni ya juu juu, baada ya wiki moja au mbili itapungua. Kwako wewe haitakwisha yote, kwa sababu ya ukoga ulioko chini.

Mswaki wa mti ni halali pia, ukitafunwa ncha mpaka ukawa laini na ukafika upande wa ndani wa meno, ambako wengi hawafiki. Mkaa na mchanga hapana, vinakwangua jino. Maji ya chumvi yanatuliza tu.

Kuhusu babu aliyezikwa na meno yote, mimi namwamini wifi yako. Watu wa aina hiyo wapo. Nchini Sri Lanka walifuatiliwa wanaume 480 wa mashamba ya chai, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno. Kwa miaka 15, karibu asilimia 11 ugonjwa haukuwaendelea zaidi ya uvimbe wa fizi. Asilimia 81 uliwala taratibu, na asilimia 8 uliwala kwa kasi wakapoteza meno mapema. Babu alikuwa kwenye wale 11. Wewe una sukari, na fizi zako zimeshakuonyesha uko kundi gani.

Mama wa kwenye foleni naye hakusema uongo, alichokiona ni kweli, ila sababu kaikosea. Meno yaliyokwisha kuachwa na mfupa mara nyingi yanakuwa yameshikiliwa na ukoga wenyewe, umeyazunguka na kuyaunganisha. Ukiondolewa, mapengo yanaonekana, maji ya baridi yanachoma, na jino lililokuwa limelegea siku nyingi linaanza kucheza hadharani. Baada ya hapo, fizi zikipona na kukaza, meno mengi yanatulia kidogo. Mwambie tabibu akueleze hivyo kabla ya kuanza, ili usije ukatoka pale ukamlaani.

Vidonge vya duka la dawa acha. Bakteria waliojificha ndani ya ukoga hawafikiwi vizuri na antibiotiki, wanaofikiwa ni wale walioko nje, ndiyo sababu unapata nafuu kisha unarudi pale pale. Na kila ukirudia dozi bila mpango unawafundisha bakteria kuizoea dawa utakayoihitaji siku ukiugua kweli. Tabibu anaweza kuamua kukupa antibiotiki, lakini ziende pamoja na kusafisha, zisichukue nafasi yake.

Kung'oa manne? Inawezekana kuna jino lisilookoleka, hilo mimi siwezi kulijua nikiwa mbali. Ninachojua ni kwamba uamuzi huo haufanywi kwa kutazama dakika mbili. Kila jino lipimwe kina cha mfuko kwa kijiti chenye vipimo, ipigwe picha kuonyesha mfupa uliobaki, kisha lisafishwe na kupewa muda, na baada ya miezi mitatu hivi lipimwe tena. Jino likiwa linayumba pande zote na kuzama ukilibonyeza, hapo ndipo tunazungumza habari ya koleo.

Mumeo nitamjibu kwa heshima, maana huenda akasoma. Baba, sigara inabana mishipa midogo ya fizi, kwa hiyo damu haitoki hata pale mfupa unapoliwa. Mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa kuliko mkewe na asione tone. Sigara ni miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya ugonjwa huu, inaharakisha meno kulegea na inachelewesha kupona hata baada ya matibabu. Njoo upimwe siku moja na mama watoto. Ile harufu inatokana na gesi za salfa wanazotoa bakteria wa kwenye mifuko ya fizi, nayo hupungua sana wakisafishwa. Mkeo hana uchafu wa tabia, ana ugonjwa. Na neno ulilomwambia siku ile, unajua mwenyewe la kufanya.

Moyo nitaupita haraka, maana redio imelikuza kuliko ushahidi ulivyo. Ni kweli wenye ugonjwa mkubwa wa fizi wanapata maradhi ya moyo na kiharusi zaidi ya wengine. Lakini sigara, kisukari na umri vinaleta yote mawili, na kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo halijathibitishwa. Mwenye vali ya bandia au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo ndiye lazima amwambie tabibu kabla ya kuguswa mdomo, ili apewe dawa ya kinga kwanza. Na mwenye presha anayemeza nifedipine au amlodipine ajue kwamba dawa hizo zinaweza kuvimbisha fizi. Asiziache, aseme tu.

Binti yako hujamwambukiza. Homoni za ujauzito zinafanya fizi ziitikie utando kidogo kwa kelele kubwa, zinavimba na kutoa damu, na kwa wengi hutulia baada ya kujifungua. Kuhusu njiti, tafiti nyingi zimeona wenye ugonjwa wa fizi wakizaa kabla ya wakati mara nyingi zaidi, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lenye wajawazito zaidi ya 800, lilionyesha kwamba kutibu fizi wakati wa mimba hakukupunguza kuzaa mapema. Lilionyesha pia kwamba matibabu yalikuwa salama kwa mama na mtoto. Kwa hiyo asafishwe, kwa ajili ya mdomo wake mwenyewe, na miezi mitano ni wakati mzuri kwa sababu kichefuchefu kimepita na tumbo bado halijamlemea kulala kwenye kiti. Aseme ana mimba kabla ya picha au dawa yoyote. Doxycycline asiguse, inaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto. Na kwa kuwa mama yake una sukari, apimwe sukari ya mimba kliniki, hilo kwangu lina uzito kuliko fizi zake.

Uanzie wapi? Uliza hospitali ya wilaya Kongwa kama kitengo cha kinywa na meno wanasafisha chini ya fizi, siyo kung'oa tu. Kama hapana, panda basi la asubuhi mpaka Dodoma mjini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ina kitengo hicho, na Benjamin Mkapa pia. Kama una bima, ulizia mapema inagharamia nini, usije ukashtukizwa dirishani.

Siku hiyo kunywa chai na kula kama kawaida, meza vidonge vyako, usiende na njaa ukidhani ni kipimo cha damu. Miadi ya asubuhi ndiyo bora kwa mwenye sukari. Beba juisi au pipi kwenye mkoba, uitumie endapo tu utaanza kutetemeka na kutoka jasho, na daftari la kliniki uwe nalo. Mwambie tabibu sukari yako ilisoma ngapi mara ya mwisho. Ikiwa juu sana anaweza kuahirisha kung'oa, lakini kusafisha taratibu huwa kunaendelea. Huenda ukachomwa sindano ya ganzi, huenda ukaitwa zaidi ya mara moja, upande kwa upande. Baada ya hapo utarudi kila miezi mitatu au minne, kwa miaka, kama unavyorudi kliniki ya sukari.

Na kabla ya siku hiyo kufika, ukiona shavu au chini ya kidevu kunavimba, homa, mdomo hautaki kufunguka au mate hayamezeki, usingoje miadi wala duka la dawa. Kwa mwenye sukari usaha wa mdomoni unaweza kushuka shingoni haraka na kuziba njia ya hewa. Nenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.